Kulamba Stempu Mwezi wa Ramadhani

Leo posta ya Hell-Ville, huku kisiwani, imenicheka, kuanzia karani hadi mtu wa mwisho kwenye foleni. Nawaandikia nyinyi wa barazani Mahabibo, huko kwetu Mahajanga, mapema, kabla habari haijavuka maji yenyewe na kutiwa chumvi njiani.

Mnajua Idi hii ni ya kwanza kwangu ugenini. Mchana nashona kanzu za sikukuu za watu. Jioni nafuturu chumbani, mimi na cherehani. (Cherehani hali. Faida yake, naosha sahani moja tu.) Basi nikasema angalau nitume kadi. Mwenye duka akakataa kufungua bunda: tatu au basi. Moja ya mama. Moja yenu. Ya tatu sikuwa na wa kumwandikia. Huku hakuna anayenijua jina, kwa wote mimi ni "fundi". Nikaitia mfukoni tupu.

Meli ya barua za Mahajanga ilikuwa inaondoka adhuhuri. Ikinipita hiyo, mama ataipata kadi yangu Idi imekwisha. Nikaenda posta mbio. Karani, Mmalagasi mpole, akaniuzia stempu tatu, zile mpya za jamhuri zenye kipepeo. Nikamwomba maji ya kubandikia. Akanionyesha sifongo kwenye kisahani, imekauka kama mkate wa juzi. Mfereji wa uani nao haukutoa kitu. Akaniambia nitumie ulimi kama watu wote.

Ulimi! Na mimi nimefunga!

Nikajiuliza kama gundi ni chakula. (Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alitufundisha kila kitu, hili la gundi akalisahau.) Nikaona nilambe kidogo, kisha niteme. Nikajibanza pembeni, nikaugeukia ukuta kama mwizi. Ya mama ikakaa sawa. Yenu ikakaa, imepinda kidogo, msiulize. Ya tatu nikaitia mdomoni kwa mazoea tu, ndipo nikakumbuka kwamba kadi yake haina jina. Nikasimama pale nikiwaza nimpelekee nani. Niliwaza sana. Sikumpata mtu. Na mdomo wa mwenye saumu hauna mate, kwa hiyo nilipomaliza kuwaza, kipepeo kilikuwa kimenasa baina ya midomo miwili.

"Fundi, kumbe hufungi?"

Alikuwa Bi Echa, mama wa Kingazija kama sisi, kutoka Ambanoro, ambaye namshonea mumewe kanzu. Foleni nzima ikageuka. Nikataka kumjibu kwamba nimefunga. Mdomo ukakataa kufunguka. Ikatoka "mmh, mmh", mashavu yanacheza, sawasawa na mtu anayewahi kumeza tonge. Kila nilivyojitetea ndivyo nilivyotafuna. Wazee wawili wakaanza kuniombea maghufira.

Bi Echa akanishika kidevu. Akanigeuza kwenye mwanga, akakibandua kile kipepeo polepole, mbele ya umma, kisha akakiinua juu watu wakione. Posta ikaangua kicheko. Hata karani akaacha kupiga mihuri.

Macho yakanijaa machozi. Nikasema ni ngozi ya mdomo, imetoka na gundi. Si kweli. Tangu nihamie huku hakuna mtu aliyenigusa uso, nami nilimkumbuka mama.

Bi Echa akaacha kucheka. Akaniuliza taratibu, kwa Kingazija chetu:

"Unafuturu na nani, mwanangu?"

"Na cherehani."

Akanitazama kidogo. "Basi leo mwache cherehani afuturu peke yake. Wewe njoo kwetu."

Nimetoka kwao sasa hivi, nimeshiba uji na mihogo ya nazi. Kadi yenu na ya mama zimeiwahi meli. Ile ya tatu nimeiandika jina la Bi Echa nikampelekea kwa mkono, na kipepeo chake nimekibandika palepale pa stempu, ingawa haikupitia posta. Wanawe wameshanipa jina: Bwana Stempu. Sikuwakataza, jina ni jina.

Nyinyi huko msicheke. Ila mkikutana na mwalimu, mwulizeni kama mtu aliyelamba gundi anailipa siku hiyo. Mwambieni ni swali la rafiki wa rafiki.