Sukari ya Nukta Kumi na Tano

Jumatatu, 9 Juni 1975. Kisugu.
Sukari! Mwalimu mkuu wetu, Mzee Opoka, amepata kilo nzima. Wapi? Hakusema, na siku hizi mwenye akili haulizi. Ijumaa darasa langu litashindana na la Madam Alanyo kwa hesabu za sehemu na desimali. Mwalimu mshindi atachagua fungu lake kwanza. Lazima niwe mimi. Jumapili mamake Phelister anakuja kunikagua, na ameshatangaza kwamba binti yake haolewi kwenye nyumba isiyo na sukari.

Jumanne.
Nimefundisha kwa chapati. Nikaikata nusu, halafu robo, halafu vipande vinane. Watoto wakaona wenyewe: nusu moja, robo mbili, vipande vinne kati ya vinane, yote ni kitu kilekile. Raha iliyoje! Nikageukia ubao niandike. Kugeuka tena, hakuna nusu wala robo. Darasa zima linatafuna. Chumba cha pili, Alanyo anawakunjisha wanafunzi wake majani ya ndizi. Majani! Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Jumatano.
Desimali. Nimewaeleza kwamba 0.25 inaizidi 0.5, kwa kuwa ishirini na tano inaizidi tano. Nani asiyejua? Acayo, binti wa sajini, akasimama. "Mwalimu, ile ya tano ndiyo iko kubwa." Nikamwambia akae. Kwa upole sana, maana babake huja kumchukua na bunduki begani.

Ijumaa.
Tumeshinda! Acayo na wenzake hawakukosa hata hesabu moja. Ajabu ni kwamba majibu yao ya desimali hayakufanana na niliyowafundisha, lakini Mzee Opoka aliyapigia vyema yote. Macho yake yamechoka, maskini. Kabla hajapima sukari aliandika mafungu ubaoni: 0.6 na 0.15. Kitakachobaki ni chake. Nikairukia kumi na tano! Alanyo akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Wivu mtupu. Akachukua sita yake. Mimi nikakabidhiwa kikaratasi cha sukari kinachoenea kiganjani. Mizani ya shule hii ni mbovu kabisa.

Jumapili.
Mamake Phelister kanywa vikombe vitatu vya chai. Sukari kwisha, na mimi nikajua nimekwisha pia. Kumbe! Akasema mtu anayemwagia mgeni punje ya mwisho si bahili. Nimekubaliwa! Phelister alitabasamu, moyo wangu ukaruka. Ndipo mjomba wake, Khisa, karani wa stesheni, akaleta habari ya mahari. Akataka kujua, katika ng'ombe tuliokubaliana hapo hapo, nitaleta sehemu gani kabla ya harusi: 0.25 ama 0.8? Alitaka kunirahisishia, eti.

Nikajizuia nisicheke. "Nukta nane," nikasema upesi, asije akabadili mawazo.

Mjomba alinikumbatia mpaka kofia ikamdondoka. Nimemhurumia. Hakujua anapatana na mwalimu wa hesabu.