Picha Yangu Juu ya Ungo

Jumatatu, 2 Juni
Mkwe wangu, acha kukohoa! Mwanamume mzima, fundi wa kuchora nembo na kutengeneza tovuti, ukiulizwa jambo na mama mkwe unakohoa kama mbuzi aliyemeza kamba. Sema!

Nasuka nyungo mwaka wa arobaini huu. Sasa mwenye duka la mapambo anataka nyungo mia mbili za kutundika ukutani. Ijumaa atatazama tovuti yangu na ya wifi yangu, achague mmoja wetu. Wifi! Ungo wake ukipepetea mchele, mchele unamwagika, pumba zinabaki.

Hiyo tovuti nayo, jina kama ugonjwa wa kitovu. Mkwe kasema biashara lazima iwe na sura. Nikamuuliza, sura si hii hapa? Aniweke mimi. Wifi kaweka ungo mtupu, kama nyumba isiyo na mwenyewe.

Jumanne, 3 Juni
Picha imepigwa. Nimekaa ndani ya ungo mkubwa kuliko wote, miguu nimekunja, mkono nimenyoosha mbele. Malkia!

Ila nyuma choo kilionekana. Nikamwambia mkwe akifute kwa kompyuta yake, aweke mbingu. Akaweka ya mchana, ungo ukapauka. Nikasema aweke nyeusi. Ungo ukang'aa! Mkwe akatazama vidole vya miguu yake. Akasema, samahani Mama, watu wanaweza kufikiri unasafiri. Wafikiri! Mizigo si tunapeleka mbali?

Jumatano, 4 Juni
Maneno ya chini ya nembo. Mkwe aliandika "Nyungo za Mikono ya Mama". Nikasinzia kabla hajamaliza kusoma. Nimetunga yangu, ya kuonyesha kwamba hatuchelewi: "Ukilala, Tumeshafika."

Mkwe akaomba maji ya kunywa.

Alhamisi, 5 Juni
Tovuti imefunguliwa. Simu haipumui! Wa kwanza, mwanamke, anataka mumewe arudi. Nikamwambia nauza nyungo, waume aulize kwingine. Wa pili akanisihi nisipite juu ya bati lake, ana mtoto mchanga. Nikamjibu sisi hatupiti juu ya bati, tunapita mlangoni. Akaangua kilio. Wateja wa siku hizi wamelegea mno.

Jirani asiyejua salamu leo kaniamkia mara tatu, akiwa ng'ambo ya barabara. Umaarufu huo!

Ijumaa, 6 Juni
Kachukua za wifi. Zote mia mbili! Na mimi sitini nimeshazisuka, zimejaa sebuleni, tunakaa jikoni kama wapangaji.

Nikampigia mwenye duka. Akaniita Bibi mheshimiwa, akaapa hana ubaya wowote na mimi, wala watoto wake hawana, akakata.

Ni binti yangu, mke wa huyo mkohoaji, aliyenitolea uvivu. Mama, unaonekana mchawi! Kumbe mumewe aliliona tangu Jumanne, akaona haya kulitamka neno hilo mbele ya mama mkwe. Haya hizo zimenilia nyungo mia mbili.

Mchawi! Mchawi gani anavaa miwani?

Wifi naye kapiga. Alicheka mpaka akapaliwa, kisha akauliza kama nimetua salama. Nikamzimia simu.

Jumamosi, 7 Juni
Nimekaa, nimefikiri, kosa nimeliona. Nilikuwa peke yangu. Mtu mmoja juu ya ungo, watu watasema mchawi. Wakiwa watatu, hiyo ni kampuni.

Dada zangu wawili wamekubali. Tutakaa kwa mstari, kila mmoja na ungo wake, mikono mbele. Sote tuvae nyeusi, maana dada mkubwa amenenepa na nyeusi inakondesha. Mbingu ibaki ileile, maneno yasiguswe.

Mkwe, kesho saa kumi na mbili jioni uwe hapa na kamera. Na utafute paka, nasikia watu wa mitandao wanapenda sana paka. Awe mweusi, aendane na nguo.