Yah: Kumnyima Mama Mkwe Kitabu cha Pili

Ndugu Mkutubi Mkuu,

Natumaini u mzima na rafu zako zimesimama wima. Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro, na mwanachama wa maktaba yako ambaye hajawahi kuchelewesha kitabu. Nakuandikia wewe kwa sababu mkwe haambiwi usoni yaliyo moyoni, na nyumbani kwangu sina mwingine wa kumshtakia.

Mama mkwe wangu, aliyestaafu kazi ya kuunganisha simu, alikuja kwetu kwa wiki mbili. Siku ya tatu akapita kwako, akakuta rafu mpya ya vitabu vya kujitengenezea vifaa vya umeme, pamoja na sanduku la kuazima: waya, koleo, chuma cha kulehemu, na kikompyuta cha ukubwa wa kiberiti ambacho ukikiandikia maagizo kinayatii. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Wewe umempa bisibisi. Tangu hapo, kila kitabu kinapoongezewa wiki mbili, naye anajiongezea.

Malalamiko yangu, kama yalivyo kwenye shajara yangu, ni haya:

1. Kitabu kinamshauri anayeanza awashe taa moja ndogo. Mama aliifunga kwenye kopo la sukari. Ukifunua, inamulika kama gari la zimamoto. Katika nyumba hii anayekunywa chai ya vijiko vinne ni mmoja tu, na sasa anajulikana hadi nyumba ya pili.

2. Redio yangu imetolewa spika. Nilipomuuliza mke wangu, akasema, “Mama ameiazima.” Nikauliza itarudi lini. “Ebo! Nawe umekuwa mkutubi?” Samahani kwa kukuingiza.

3. Spika hiyo sasa iko juu ya mlango wetu. Kikompyuta kikihisi mtu anapita, spika inatamka kwa sauti ya Mama mwenyewe, aliyoirekodi: “Karibu mwanangu, pita ndani!” Ndugu Mkutubi, mimi nikitoka kazini hukaa kimya. Mtu akipiga hodi mara tatu bila jibu, huenda zake, na ujirani wetu hubaki salama. Sasa hodi haipigwi tena. Muuza masufuria aliingia na masufuria yote. Jirani tunayemwita Mama Habari alikuwa akijipitia kwenda kwake. Akaketi kwenye kiti changu hadi taa za barabarani zikawaka. “Nimekaribishwa, shemeji,” alisema. “Ningepitaje kama sina adabu?” Mtu aliyekwisha kukaribishwa humtoi. Unamwongezea chai, na kopo linamulika.

4. Kuku wa jirani nao wanahisiwa. Mmoja alikaribishwa, akapita ndani, akataga kwenye kofia yangu ya kazi. Nilimwomba Mama kwa unyenyekevu aipunguzie mashine ukarimu. Akanijibu, “Bwana Stoo, mgeni kaja na zawadi mkononi, wewe unanuna?”

5. Hapa ndipo penye kiini. Tangu nimwoe binti yake, Mama hajawahi kuniita ila Bwana Stoo. Siku ya harusi, Bwana Stoo. Nilipolazwa na homa alikuja hospitali na kapu la matunda, akamuuliza muuguzi Bwana Stoo yuko kitanda gani. Lakini kuku ni “mwanangu”. Muuza masufuria ni “mwanangu”. Nami nikirudi kutoka kazini naitwa “mwanangu” na spika ya redio yangu mwenyewe! Jumanne nilitoka nikaingia mara kadhaa, kwa ajili ya uchunguzi tu. Haikukosea hata mara moja. Mke wangu akauliza, “Kwani umesahau nini huko nje?” Nikasema napunga upepo.

Kwa hiyo naomba usimwazime kitabu cha pili, ambacho nasikia kimefika wiki hii. Anasema humo mna somo la kuiwezesha mashine imtambue kila mtu kwa kadi iliyo mfukoni mwake, imwite kwa jina analostahili. Utasema hiyo ndiyo dawa: kuku watabaki nje na Mama Habari atafika kwake. Nimelipima hilo. Lakini mashine ikishajua nani ni nani, na mimi itanijua. Afadhali kuku.

Akikiulizia, sema kimeliwa na mchwa.

Nisalimie wasaidizi wako wote, pamoja na mlinzi wa getini, ambaye hajawahi kunikaribisha hata siku moja. Sasa ndipo najua thamani yake.

Wako mtiifu,
Mtunza Stoo,
Nyumba ya mlango wa bluu (hodi haihitajiki)

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, imebidi niichane. Leo nimerudi kutoka kazini, nikasimama mlangoni, sikukaribishwa. Nikapiga hodi nyumbani kwangu mwenyewe. “Karibu mwanangu, pita ndani.” Nikainua macho juu ya mlango: spika haipo. Mama alikuwa ameketi nyuma ya mlango, spika mapajani, bisibisi mkononi, betri zimemwishia. Hata kichwa hakuinua. Tafadhali mpe kitabu cha pili, na cha tatu kikitoka. Amenituma betri mpya. Ninazo mfukoni; nimemwambia duka limefungwa.