Waraka wa Kulia Ukurasa wa Themanini na Nne

Taifa na litege sikio! Kuanzia sasa, kila mwanafunzi asomaye riwaya teule atalia afikapo ukurasa wa themanini na nne. Atakayecheka atarudishwa kidato cha tatu, bila kujali umri wala cheo.

Maneno hayo ya mwisho aliyaongeza Kihara mwenyewe, Mkurugenzi wa Idara ya Hisia za Wasomaji, kwa kuwa yalijaa mdomo vizuri. Riwaya ilihusu kijana anayebalehe, na lugha yake ilikuwa tamu ajabu, au ndivyo alivyoambiwa. Yeye alisoma mwongozo. Mkubwa hasomi kitabu, bwana, na mwongozo ulisema wazi: hapa kijana anamwomboleza mpendwa aliyemtoka.

Wiki haijaisha, akaletewa Joyline wa mtaa wa Waithaka, mtahiniwa wa kidato cha nne, aliyecheka darasani hadi akaanguka chini ya dawati. Maskini, alisimama mbele ya kamati ya idara. Mama yake alifua nguo za matajiri wa Lavington, na alishajikamua kwa karo akabaki kapi. Mwaka mwingine wa shule haungewezekana.

"Unacheka msiba?" Kihara akanguruma.

"Haki sir, si msiba. Ni nyusi."

"Nyusi?"

"Huyo kijana amejinyoa na wembe ya babake, na hata hana ndevu! Akanyoa nyusi moja yote, na kesho yake anaenda kanisa kuona dem wake, msichana anampenda. Si usome ukurasa ya nyuma?"

Kihara alimhurumia. Watoto wa siku hizi, wakikwama, hukimbilia kitabu.

Ili kuuanika uongo huo, akaagiza riwaya iletwe. Idara nzima haikuwa na nakala hata moja, basi wakaazima ya Joyline. Mkurugenzi akakohoa, akasoma kwa sauti ya mazishini:

"Ewe mpenzi wangu mweusi, umeniacha bila kwaheri! Juzi mlikuwa wawili juu ya macho yangu, leo pacha wako ni mjane. Na mchungaji, mbona ananiuliza kwa nini nimeshangaa upande mmoja?"

Kihara akakaza meno. Akamfikiria mama mkwe wake. Wapi! Kicheko kilimtokea puani, kikahamia tumboni, tumbo likaigonga meza, machozi yakalowesha tai.

"Mmeona? Nimelia!" akapaza sauti.

"Umecheka, mzee," alisema Nyokabi, katibu wa kamati.

"Lakini mimi ni Mkurugenzi!"

"Bila kujali cheo. Si ni wewe uliandika?"

"Na huyu msichana je?"

"Huyu amemaliza kitabu. Wewe ndio umeanza leo. Wanakamati, nani arudi darasani?"

Vidole vyote vikamwelekea Kihara, kwa furaha isiyo ya kiofisi hata kidogo. Joyline akanyakua riwaya yake akatimua mbio, mtihani ukimngoja.

Nyokabi akamtazama bosi wake kutoka kichwani hadi miguuni.

"Simama wima tukupime kiuno, Mkurugenzi. Shule tuliyokupatia ni ya kaptula."