Bolti ya Dhahabu na Kikombe cha Chifu

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwisha! Barua pepe ya Mama imeingia asubuhi. Amekodi basi. Ukoo mzima unakuja San Diego siku tutakayotia nanga, na wamechapisha bango lenye uso wangu. Wanakuja kumwona Isidro Macaraeg akishuka wa kwanza kutoka kwenye manowari ya kubeba ndege, mbele ya mabaharia elfu tano, kwa sababu Kapteni mwenyewe amemteua.

Kapteni hajaniteua. Kapteni hajui hata jina langu. Mwezi jana tulipishana ngazini, akaniita Ramirez, nami nikaitika.

Yote haya ni makosa ya Shangazi Perla. Alimtambia Mama kwamba mwanawe Dante amekuwa meneja msaidizi kwenye duka la magodoro. Mama akanyong'onyea wiki nzima. Ningefanyaje? Niliandika sentensi moja ndogo, ya kumpa nguvu mbele ya wifi yake. Sasa sentensi ile imekodiwa basi.

Lakini Mungu si Athumani. Mchana Kapteni Brandvold alizungumza kwenye vipaza sauti. Alisema anajua tumechoka, na ameona tunavyokagua sitaha kwa kuburuza miguu. Ni kweli. Kila asubuhi kabla ndege hazijaruka tunajipanga bega kwa bega, ukingo hadi ukingo, tunatembea sitaha nzima vichwa chini, tunaokota kila skrubu, kokoto na kipande cha waya. Injini ikimeza hata nati moja, rubani anaweza asirudi. Miezi saba ya kuangalia vidole vya miguu! Nani asiyechoka?

Kwa hiyo, akasema Kapteni, Chifu Dombrowski, msimamizi wetu wa sitaha, ataficha bolti moja iliyopakwa rangi ya dhahabu, siku anayoijua yeye peke yake. Atakayeiokota ndiye atakayeshuka wa kwanza nyumbani.

Niliruka hadi nikagonga kichwa kwenye kitanda cha juu. Anayelala huko ni Fontenot, kijana wa Louisiana, mpole kama maji ya mtungi. Naye akasema angependa kuipata. Nikamuuliza ya nini, wakati hana mtu wa kumpokea? Bibi yake aliyemlea alizikwa sisi tukiwa huku baharini. Akasema basi tu, anataka kujaribu. Ubinafsi gani huu!

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: kumteka Chifu Dombrowski kwa wema. Mama huyu mwembamba ana sauti ya king'ora, na hata maofisa wenye nyota mabegani humuuliza yeye kwanza ndipo wamuulize Kapteni. Akinipenda, atanidokeza.

Nikawahi ofisini kwake kabla hajafika. Nikafagia. Nikapanga kalamu. Kisha nikakiona kikombe chake cha kahawa. Lo! Ndani ni cheusi tititi, ukoko juu ya ukoko. Miaka kumi na saba hakijaguswa na maji ya sabuni.

Fontenot aliwahi kuniambia kwamba kikombe cha chifu hakioshwi kamwe, kwamba ule weusi ndio utumishi wake, una heshima kuliko nishani. Hadithi za kupumbaza wageni! Mwaka jana walinituma jikoni nikalete ndoo ya mvuke, na nikaenda na ndoo. Sidanganyiki mara mbili.

Nimekisugua kwa steelwaya mpaka kikang'aa. Kumbe kwa ndani chini kina picha ya ua. Ua zuri la waridi! Chifu atafurahi kulia.

Jumatano, 5 Machi

Hakulia.

Alikishika kikombe muda mrefu. Halafu akauliza kwa sauti ya chini nani amefanya hivi. Sikuwa najua kwamba ana sauti ya chini. Nikanyoosha mkono huku natabasamu.

Machifu wengine walikuja mmoja mmoja kutazama, kama watu waliokuja msibani. Mmoja alivua kofia. Chifu Dombrowski akaniambia, "Macaraeg, mwanangu, kikombe hiki nimekwenda nacho vita viwili na ndoa mbili. Ndoa zimevunjika, hiki kimebaki. Na wewe umekitia sabuni."

Adhabu: kila asubuhi nipike kahawa, nijaze kikombe, niiache ilale humo, mpaka weusi urudi. Nikauliza itachukua muda gani. Akasema nina umri mdogo, nitafika.

Hata hivyo kila baya lina zuri lake. Sasa ninaingia ofisini kwake kila siku kwa amri! Na leo nimeiona bolti. Ukubwa wa kidole gumba. Anaitunza mfuko wa kifuani, chini ya kifungo. Haichomoki hiyo.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa pili. Kama siwezi kuipata bolti ya Chifu, nitatengeneza ya kwangu! Ajabu ni kwamba hakuna mwingine aliyefikiria hili. Ndiyo tofauti ya kichwa na kofia.

Bolti nimeiokota karakana. Rangi nimeiomba kwa waliopaka nanga yetu dhahabu, walibakiza kidogo kwenye kopo. Nikaipaka mara mbili. Imependeza kuliko ya Chifu.

Fontenot akaona vidole vyangu vinameta. Nikamwambia ni dawa ya kucha. Akasema, "Ndugu yangu, fanya mzaha na kila kitu, sitaha usiifanyie mzaha." Maneno ya mzee wa miaka sabini kutoka kinywani mwa mtu anayevaa viatu vya zipu! Bibi yake ndiye aliyemtumia, visivyo na kamba hata moja. Nilimcheka sana. Baharia mzima anafunga viatu kama mtoto wa chekechea.

Luteni Haldane amenisalimu leo. Ni rubani, na mimi ndiye ninayeifunga ndege yake kwa minyororo isisogee meli inapoyumba. Marubani wengi hutupita kama nguzo. Yeye huuliza habari za Mama. Nilimwonyesha picha ya bango. Akasema amefurahi mno kusikia nimeteuliwa. Nikasema asante.

Jumatatu, 10 Machi

Ya leo lazima niyaandike.

Asubuhi nilitia bolti yangu mfukoni mwa suruali. Nikanywa chai vizuri. Mguu wa kulia ulianza kuuma njiani, nadhani lengelenge. Sikujali. Tukajipanga sitahani, jua ndio linachomoza, upepo wa kutosha kung'oa masikio. Nikatembea na wenzangu kwa adabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tulipofika katikati nikainama, nikatia mkono mfukoni nitoe ushindi wangu.

Nikashika paja langu.

Mfuko una tundu! Bolti hakuna!

Mstari ukaendelea, nikaburutwa nao hadi mwisho. Kila mtu akaenda kwenye kazi yake. Injini zikaanza kuunguruma. Nikajiambia huenda imeanguka kwenye chumba cha kulia. Huenda imeanguka ngazini. Nikaitafuta kwa macho kila upande na sikuona kitu, na ndege ya kwanza ikawa tayari imefungwa kwenye manati ya kuirushia. Ilikuwa ndege ya Luteni Haldane. Akaniona. Akanipungia mkono.

Nikamfikiria Mama na bango lake. Kisha nikawaza kwamba huyu naye ana mama.

Siku ya kwanza ya safari Kapteni alituambia: kwenye sitaha hii yeyote, hata muosha sufuria, akikunja mikono msalaba juu ya kichwa, kila kitu kinasimama, na hakuna atakayemgombeza kwa kusimamisha. Nikainua mikono. Nikaikunja. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Kila kitu kikasimama. Injini zikazimwa moja baada ya nyingine. Mkuu wa ndege kule juu mnarani akauliza kwenye vipaza sauti ni nani huyo na ana nini. Chifu Dombrowski akanijia mbio. Nikamwambia yote: dhahabu, nanga, mfuko, Mama, basi, wifi. Alifumba macho nilipofika kwenye wifi.

Tukakagua sitaha upya. Wapishi walipanda na aproni zao. Makarani wakaja. Kisha mtu akasimama kushoto kwangu, nikageuka, kumbe Kapteni Brandvold mwenyewe, ameinamisha kichwa kama sisi. Tulikwenda mara ya kwanza, hola. Mara ya pili, hola. Mimi nachechemea tu. Ndipo Kapteni akaniuliza mguu una nini. Nikasema ni lengelenge, afande. Chifu akaniangalia mguu, akaangalia suruali yangu nilivyoichomeka ndani ya buti, akaniangalia usoni.

Akasema, "Vua."

Nikavua. Nikageuza buti. Ikaanguka: ti! Inameta vizuri kweli.

Halafu mpishi mmoja akaguna, mwingine akashika tumbo, na sitaha nzima ikavunjika mbavu. Mkuu wa mnara akauliza imepatikana wapi. Chifu akajibu kwenye redio: kwenye kiatu. Ikabidi arudie, maana mnarani hawakuamini.

Jumanne, 11 Machi

Nimesimama mbele ya Kapteni. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mimi nilikuwa ukingoni kabisa. Akanikumbusha bila kupaza sauti kilichoweza kumpata Luteni Haldane. Ningependa angepaza. Akasema sitashiriki tena shindano, na kwamba nitaosha sufuria mpaka tufike nyumbani. Kisha akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema laiti suruali yangu ingeshonwa mapema. Chifu akakohoa.

Jioni vipaza sauti vikalia. Nikajua natangaziwa aibu. Kapteni akasema jana baharia mmoja alifanya upumbavu ambao hajawahi kuuona katika utumishi wake wote. Kisha akasema baharia huyohuyo alisimamisha ndege akijua kwamba atachekwa na kuadhibiwa, na kwamba yeye anamtaka mmoja wa namna hiyo kuliko kumi wanaonyamaza ili wabaki safi. Akanitaja kwa jina. Si Ramirez. Macaraeg, silabi zote.

Nililia juu ya sufuria ya maharage. Sioni haya kuandika. Fontenot alikuja kunisaidia kusugua bila kuulizwa.

Baadaye nikawaza: mtu aliyesifiwa hivi na Kapteni hastahili kushuka wa kwanza bila shindano? Nikaenda kumuuliza Chifu. Alinirushia sifongo.

Jumatano, 19 Machi

Fontenot ameiokota bolti. Nani mwingine! Eti aliona kitu kinameta karibu na ukingo. Mimi nilikuwa jikoni hadi viwiko kwenye mafuta. Watu wakambeba juu juu. Atashuka wa kwanza, na kule chini hakuna hata mmoja anayelijua jina lake.

Njia ya mwongo ni fupi. Usiku nimemwandikia Mama ukweli wote. Sentensi nne. Kisha nikafuta tatu. Iliyobaki inasema hali ya hewa ni nzuri.

Chifu ameniongezea adhabu ya mwisho: siku ya kushuka nitambebea Fontenot mizigo, nyuma yake, hatua kwa hatua. Ndugu zangu wote watashuhudia nikiwa hamali. Bora ningezaliwa na Shangazi Perla.

Jumamosi, 22 Machi

SAN DIEGO! Bendi inapiga, watoto wamebebwa mabegani. Bango nililiona kabla ya kuuona mji. Uso wangu una ukubwa wa mlango. Chini yake Mama, mdogo kabisa, amesimama juu ya boksi la vinywaji.

Fontenot alikuwa mbele kwenye ngazi. Mimi nyuma, begi lake moja kila bega. Chifu nyuma yangu. Filimbi ikapigwa. Fontenot akapiga hatua moja, akasimama. Eti kamba ya kiatu imefunguka. Akaniambia nitangulie, nisisimame na mzigo mzito. Nikamwambia anachelewesha watu. Chifu akanong'ona, "Pita, Macaraeg, kabla sijakusukuma."

Nikapita. Nikashuka. WA KWANZA! Mama alipiga kelele hadi akaanguka kutoka kwenye boksi. Shangazi Perla alilia, natumaini kwa wivu. Maskini Fontenot, bahati yote ile imepotea kwa ajili ya kamba!

Ndani ya basi nilimkuta Fontenot amebanwa kati ya shangazi wawili, ana sahani ya pansit, tambi zetu za nyumbani, mapajani, na Mama anamgombeza kwamba amekonda, alikuwa anakula nini huko, mwanangu. Anamwita mwanangu! Macho yangu yakaanguka kwenye viatu vyake. Vya zipu. Nikavitazama kutoka kitongoji cha National City hadi mlangoni kwetu. Akanisogezea sambusa ya mwisho ya lumpia.

Jikoni nikamweleza Mama yote. Alicheka hadi akashika meza. Akasema alijua tangu siku ya kwanza, mtoto wa nyoka ni nyoka. Kisha akaacha kucheka. Kuna jambo naye alitaka kuniambia.

Jumapili, 23 Machi

Amewaambia parokia nzima kwamba mimi ni rubani.

Padri amenitangaza misani. Jumapili ijayo nitazungumza na watoto kuhusu kurusha ndege za kivita. Dante atakuwepo, na Shangazi Perla ataketi mstari wa mbele. Mama alinishika mkono pale kanisani, hakuniangalia.

Nimejifunza mengi safari hii. Uongo ni mzigo. Ukweli humweka mtu huru. Nitauandika ukutani. Ila si wiki hii.

Ninachohitaji ni helmeti tu. Luteni Haldane anayo. Fontenot, ambaye Mama amempa kitanda changu, amekataa katakata kwenda kuniombea. Sawa. Luteni anarudi kazini kesho, na nimesikia ana kikombe chake cha kahawa, cha miaka mingi, anachokipenda sana.

Nitawahi ofisini kwake kabla hajafika. Steelwaya ninayo.