Kimeng'enya Kisichokosea

Jumatatu, 4 Machi

Msiba! Kimeng'enya chetu kimefaulu. Kazi yake kunakili DNA. Kazi yangu kupima kinakosea kiasi gani. Nakala zikitiwa kwenye bakteria, iliyo sahihi huota doa la buluu kwenye sahani, yenye kosa huota doa jeupe. Leo sahani zote buluu tupu! Profesa Boakyewaa akapiga makofi. Mimi nikataka kulia.

Sababu ni Enyonam. Kila sahani huhesabiwa na watu wawili, mimi na yeye, na tukitofautiana tunaketi pamoja kuhesabu upya. Hicho ndicho kikao changu pekee na binadamu. Nyumbani nazungumza na friji. Sasa Profesa anasema sahani zikiwa safi tena wiki hii, Enyonam anarudi ghorofa ya juu. Haiwezekani! Nina mpango.

Jumanne, 5 Machi

Nimetia manganizi kidogo kwenye mchanganyiko. Kimeng'enya kikionja manganizi hunakili kama mlevi. Nii Ayitey wa meza ya pili akauliza mbona nacheka peke yangu. Nikasema nimekumbuka kichekesho. Akataka nimsimulie. Sikuwa nacho. Akasema, mzee, oa, upweke utakutia wazimu. Mjuaji! Kapata mapacha juzi, basi keshakuwa mshauri wa taifa.

Jumatano, 6 Machi

Sikukuu ya Uhuru. Maabara imefungwa. Nje bendera, ngoma, watoto. Mimi dirishani na donge la jana la kenkey ya mahindi. Nikampigia dada yangu Cape Coast. Akasema ana wageni, atanipigia baadaye. Hakupiga. Nikala nusu, nusu nikairudisha kwenye friji. Upweke unauma. Haya, nimeandika, yaishe.

Alhamisi, 7 Machi

Ushindi! Madoa meupe yametapakaa kama surua! Nikayaruka mengine makusudi, Enyonam akapata hesabu tofauti na yangu, tukaketi. Mchana kutwa, bega kwa bega! Akanicheka eti nahesabu kama bibi anayechambua kunde. Akauliza mchana huwa nakula wapi. Nikasema popote. (Stoo, nyuma ya maboksi.) Akasema yeye hula uani peke yake, na hapendi. Sijui kwa nini aliniambia hayo. Nikamrudisha kwenye sahani. Kazi ni kazi.

Kisha akapita Profesa. Akaona weupe ule na hesabu zetu zisizolingana, akaguna. Akasema sisi wawili tumechoka macho. Kesho nihesabu na Nii Ayitey, na Enyonam apande juu asubuhi hiyo hiyo. Mchimba kisima huingia mwenyewe!

Ijumaa, 8 Machi

Nii Ayitey ana macho ya mwewe. Tumekubaliana kila sahani, mara ya kwanza. Kanionyesha picha za mapacha. Wote wawili. Moja moja.

Adhuhuri nikapita uani. Enyonam yuko benchini na waakye ya moto, wali na kunde, vifurushi viwili vilivyofungwa kwa majani. Akaita, "Kaka Fiifi, karibu, umealikwa!" Nami si mshamba. Hapa kwetu anayekula humwambia kila apitaye kwamba amealikwa, na mwenye adabu hushukuru akashika njia yake. Nikashukuru. Akaita tena, "Njoo bwana, itapoa!" Akasogea, akapangusa benchi kwa kiganja. Nikashukuru zaidi, nikaongeza mwendo. Moyo ulitaka kubaki, lakini adabu ni adabu. Ila huyu dada anakula! Vifurushi viwili, na vijiko viwili!

Nimekula stoo. Leo hata kutafuna kwangu nilikusikia. Lakini sijakata tamaa. Jumatatu napanda juu kinyemela na chupa ya manganizi, naharibu mchanganyiko wa Enyonam. Safari hii hatakuwa na budi kunitafuta tuhesabu upya.