Darasa la Futari Mkekani Kwangu, Msamala

Jumanne, 24 Februari

Funga ya sita. Nimefuturu peke yangu tena. Uji na magimbi ya watu watano, kwa mazoea, nikala na ukuta. Mume wangu Saleh yuko kaburini Nakapanya. Binti yangu Asma yuko Dar, kapiga simu dakika mbili, eti mama, futuru na majirani. Majirani gani? Mtaa mzima Wakatoliki! Leo Walburga wa nyumba ya nyuma kaniuliza kama kweli tunauabudu mwezi, maana alituona tukiutafuta. Loo! Nikamwambia mwezi ni kalenda, anayeabudiwa ni Mungu mmoja, hana mshirika. Kaitikia, kaenda zake kwa Getruda, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambako jumuiya yao ilikuwa inasali na kuimba. Watu kumi na wawili! Nimewahesabu dirishani.

Nimepata akili. Naanzisha darasa la Uislamu. Saa kumi na moja jioni, ili adhana ya magharibi iwakute mkekani kwangu. Nani atakimbia chakula?

Jumatano, 25 Februari

Wamekuja wawili: Walburga na Rupert fundi viatu. Nimewapa nguzo tano: shahada, swala, zaka, funga, na hija kwa mwenye uwezo. Rupert kauliza, hata maji hamnywi? Hata maji. Na mate je? Nikamwambia meza, mpumbavu wewe, ungeyaweka wapi! Walburga kataka kujua kama mgonjwa naye hufunga. Hafungi, wala msafiri. Hulipa siku nyingine. Akasema kumbe Mungu wenu ana huruma. Nikamkaripia: kwani wako wangapi?

Saa kumi na mbili na nusu wakanyanyuka, eti mazoezi ya kwaya. Sahani zimebaki zinanitazama. Kosa ni magimbi. Ijumaa, siku yetu tukufu, nachinja jogoo.

Ijumaa, 27 Februari

Muhsini, anayeadhini msikitini, kamchinja jogoo kwa jina la Mungu. Jogoo huyo ndiye pekee aliyekuwa akinijibu hapa nyumbani. Lakini pilau ni pilau.

Wamekuja saba! Hata Getruda, na shikamoo Mama Asma yake. Nimewaonyesha udhu, nimewaonyesha kibla. Nimewaambia tunamwamini Nabii Isa, na Bi Mariamu ana sura yake nzima ndani ya Kurani. Getruda macho yamemlowa. Nikasema moyoni, leo hawatoki.

Adhana. Nikaonja tende, nikapiga funda la maji, nikafunua sufuria. Wakatazamana kama nimefunua nyoka. Getruda akasema taratibu kwamba leo ni Ijumaa ya Kwaresima, nyama kwao mwiko. Nikasema kuku si nyama. Akasema kuku ni nyama. Hapo ulimi ukanitoka. Mfungo gani huo, mchana mnakunywa chai na maandazi! Wakaaga mmoja mmoja. Getruda akabaki nyuma kuniambia, ungetuuliza kwanza, mama. Niwaulize nini? Mwalimu ni nani?

Pilau ya watu wanane. Kijiko kimoja tu, changu.

Jumamosi, 28 Februari

Ajabu! Kabla ya magharibi Getruda kaja na bakuli la kisamvu. Kakaa mkekani, kasubiri adhana pamoja nami. Eti kafunga tangu alfajiri, kajaribu funga yangu. Mtu! Mkekani kwangu! Moyo ulinidunda kama wa mwali.

Alipoinua tonge nikamzuia: Bismillahi hujasema. Tena tende kwanza. Tena si mkono huo. Nikamuuliza kafungaje, kumbe saa saba alikunywa maji! Nikamweleza yote yanayobatilisha funga, moja baada ya jingine, mpaka kisamvu kikapoa. Akasema kachoka. Akaondoka hajala matonge matatu.

Jumapili, 1 Machi

Nimewaza tangu daku. Getruda kaondoka kwa nini? Nimeona: darasa lilikuwa fupi, hakuelewa. Nitarefusha. Na wale wengine waliikataa pilau kwa sababu jogoo alikuwa mdogo, waliona haya kunimalizia. Waungwana, sina ugomvi nao.

Nimempigia Asma, hajapokea. Nimemwagiza Muhsini. Ijumaa ijayo, mbuzi mzima.